Kusoma Addis Ababa ukiwa Kigoma: tathmini yangu ya ISS

Mji wetu una balozi ndogo mbili, ya Kongo na ya Burundi. Bandari yake inapeleka mzigo Kalemie, Uvira na Bujumbura, na huko Kasulu kuna kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo. Kwa hiyo ukiwa mtangazaji wa redio Kigoma, mambo ya nje hayakai mbali na jikoni. Ni bei ya mawese, ni boti ya Kibirizi kuondoka au kulala, ni shemeji aliyeko ng'ambo ambaye simu yake haipatikani. Msikilizaji anapiga kuulizia Umoja wa Afrika, anasema, "Dada, hao wakubwa waliokaa Addis Ababa wameamua nini?" na anataka jibu kabla salio lake halijakata.

Majibu ya namna hiyo nimekuwa nikiyatafuta kwa Institute for Security Studies, ISS kwa kifupi. Ni taasisi ya utafiti wa sera, haitengenezi faida, makao makuu yake yako Pretoria na ina ofisi Addis Ababa, Nairobi na Dakar. Nimeitumia kwa miaka kadhaa kuandaa kipindi cha asubuhi, na wenzangu wa redio za kijamii wananiuliza kila mara kama inafaa au ni makaratasi ya wasomi tu. Naandika hapa nisiendelee kujibu mmoja mmoja. Sijalipwa nao wala sijanywa chai yao.

Bei kwanza, maana najua ndiyo mnayoiulizia. Ni bure. Makala, ripoti, mihadhara ya mtandaoni, vyote unafungua bila kuombwa kadi ya benki. Kwa sisi tunaonunua bando kwa fedha za mfukoni hilo ni jambo kubwa, kwa sababu majarida mengi ya uhusiano wa kimataifa ukiyagusa tu unatakiwa ulipe dola kwa makala moja. Tofauti ni jarida lao la kitaaluma, African Security Review, ambalo linatoka kupitia Taylor & Francis, na huko geti lina bei yake. Sijaona hasara kubwa kulikosa. Kilichomo kwenye machapisho ya bure kinanitosha kwa redio.

Bidhaa yao inayofahamika zaidi ni ISS Today, makala fupi zinazotoka karibu kila siku ya kazi. Leo Msumbiji, kesho Sudan, keshokutwa polisi wa Afrika Kusini. Zimeandikwa kwa watu wenye haraka: aya ya kwanza inakwambia kuna nini, aya ya pili inakwambia kwa nini sasa. Haki ya kuzichapisha upya Afrika Kusini wamepewa Daily Maverick, na Nigeria wamepewa Premium Times. Sisi wa nchi nyingine tukitaka kuichapa makala nzima tunaomba kwa barua pepe. Kwa redio mimi hufanya muhtasari na kutaja chanzo hewani, basi.

Ubora wa ISS Today unapanda na kushuka. Zipo ambazo ukishasoma kichwa cha habari umemaliza. Zipo pia ambazo zinamalizia kwa ile aya ya "serikali hazina budi kushirikiana na wadau", ambayo nadhani kuna mashine mahali inaitoa. Lakini nikizipata mbili nzuri kwa wiki, kipindi cha Alhamisi kinasimama.

Kilichonifanya nisiondoke ni PSC Report. Hii hulifuatilia Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika, na kama hujawahi kulisikia baraza hilo usijilaumu, wengi tunalisikia pale tu linapoifungia nchi iliyopinduliwa. Lina wajumbe 15. Kumi huchaguliwa kwa miaka miwili, watano kwa miaka mitatu, na viti vimegawanywa kwa kanda: Magharibi vinne, Mashariki vitatu, Kati vitatu, Kusini vitatu, Kaskazini viwili. Hakuna mwenye kura ya turufu. Itifaki yake ilipitishwa Durban mwaka 2002, ikaanza kutumika Desemba 2003, na Baraza lenyewe likazinduliwa tarehe 25 Mei 2004. Maadhimisho ya miaka 20 yalifanyika Dar es Salaam, Mei 2024, Tanzania ikiwa mwenyekiti wa mwezi. Tulitangaza habari hiyo, na bado wasikilizaji wakauliza ni sherehe ya nini. Walikuwa na haki ya kuuliza. Taarifa tuliyoletewa ilikuwa imejaa majina ya waheshimiwa waliohudhuria, na haikuwa na hata sentensi moja kuhusu Baraza linafanya kazi gani.

Sasa huo uenyekiti wa mwezi ndio utamu wenyewe. Unazunguka, na nchi iliyoushika ina mkono mkubwa katika kupanga kinachojadiliwa. Suala likiwa chungu kwa fulani, linaweza kusukumwa mbele au kukawizwa. Tena itifaki inasema mjumbe ambaye ni mhusika wa mgogoro hashiriki katika mjadala wala uamuzi wa mgogoro huo. Ukishajua mambo haya mawili, taarifa ya Baraza unaisoma kwa jicho jingine. Unaanza kuuliza nani alikuwa kwenye kiti mwezi huo, nani alitakiwa atoke chumbani, na kwa nini taarifa imetoka siku nne baada ya kikao. Watafiti wa ISS wanaishi palepale Addis, wanaongea na wanadiplomasia wanaotoka vikaoni, na maswali hayo wanayashughulikia kwa uvumilivu ambao waandishi wa habari hatuna. Matoleo ya zamani yalikuwa hata na orodha ya wajumbe ukurasa wa kwanza. Nililichapa moja nikalibandika studio, na mhariri wangu, ambaye hasifii kitu, akaomba nakala.

Kazi hiyo ililipa Februari 2025. Goma, mashariki ya Kongo, ilikuwa imeshaanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari. Tarehe 8 Februari wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wale wa SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, wakakutana kwa pamoja Dar es Salaam, jambo ambalo halikuwa limewahi kufanyika. Wiki iliyofuata Bukavu nayo ikaanguka. Simu za studio hazikupumzika. Mzee mmoja wa Ujiji alisubiri kwenye laini mpaka tukamfikia, akasema: "Mwanangu, jeshi la Jumuiya lilikuja likaondoka. La SADC likaja, sasa nalo limebanwa kambini. Hawa wote nani anawatuma, na akiwatuma nani anamuuliza?"

Hilo swali lina majibu, na majibu yake ni ya kikanuni kuliko ya kivita. Jeshi la Jumuiya liliingia Novemba 2022, na askari wake walitoka Kenya, Burundi, Uganda na Sudan Kusini. Kinshasa ilitaka lipigane na M23, wenyewe wakasema hawakutumwa hivyo, muda ulipokwisha haukuongezwa, na Desemba 2023 wakafungasha. Mwezi huohuo SADC ikaanza kupeleka kikosi chake, chenye askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania yetu. Kongo inaweza kubadilisha majeshi namna hiyo kwa sababu ni mwanachama wa nyumba nne kwa mpigo: SADC, Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika ya Kati, na Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu. Mlango mmoja ukigoma, inabisha mwingine. Na usuluhishi nao ulikuwa na njia mbili: ya Nairobi chini ya Uhuru Kenyatta, iliyohusu Wakongo na makundi yenye silaha, na ya Luanda chini ya João Lourenço, iliyohusu Kongo na Rwanda.

Umoja wa Afrika uko wapi katika hayo yote? Kwa karatasi, juu. Kwa vitendo, desturi ni kuiachia kanda ianze, kisha Baraza libariki. Mwaka 2008 Umoja huo (AU kwa kifupi) na jumuiya za kanda walitiliana saini hati ya maelewano ya namna ya kushirikiana, na tangu hapo hoja haijaisha: nani anaanza, nani anaripoti kwa nani, nani analipa. ISS wameliandika hili tena na tena, hadi nilikuwa nikiliruka. Lakini asubuhi ile, mbele ya mzee wa Ujiji, ndicho nilichokihitaji. Kama kanuni inasema "kanda ianze" na nchi iko katika kanda nne, basi hakuna anayeweza kuulizwa, maana kila mmoja anaweza kumwelekeza mwenzake. Nilimwambia hivyo kwa Kiswahili cha kawaida. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ni makusudi." Sikusema ni makusudi. Lakini sikumkatalia pia.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Machi 13 SADC ikaamua kumaliza misheni yake. Siku tano baadaye Tshisekedi na Kagame walikuwa Doha, wamekaa na Amiri wa Qatar. Mwezi huohuo Angola ikajitoa kwenye usuluhishi. Juni 27 mawaziri wa Kongo na Rwanda wakasaini makubaliano Washington. Hapo ndipo nilipouona ukomo wa chombo hiki. PSC Report ni kama ratiba ya treni: inakwambia kituo, saa na behewa, ila abiria wakiamua kupanda ndege ratiba haina la kusema. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nasoma uchambuzi mzuri sana kuhusu chumba ambacho watu walikuwa wameshatoka. ISS wenyewe hawakujifanya hawaoni, waliandika kuhusu Afrika kupokwa usuluhishi wake. Lakini nguvu yao ni watu wao kuwa Addis, na kwa yaliyokuwa yakipikwa Doha ilibidi nisome kwingine.

Februari hiyohiyo kulikuwa na uchaguzi wa Mwenyekiti wa Kamisheni ya AU, na hapo walinisaidia bila doa. Kijiweni watu walikuwa wanahesabu kama uchaguzi wa mbunge: Raila Odinga ana jina, ana ndege, ana marais wanaomnadi, ameshashinda. Ukiwa umesoma kanuni ulijua hesabu ni nyingine. Mshindi anahitaji theluthi mbili. Nchi sita zilikuwa zimesimamishwa, zikabaki 49 zenye kura, kwa hiyo namba ya kuitafuta ni 33. Raundi ya kwanza Raila alipata 20, Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti 18, na Richard Randriamandato wa Madagaska 10. Wa mwisho anatoka, wawili wanaendelea, na wakishindwa kufika huko aliye nyuma anajiondoa ili wa mbele apigiwe kura peke yake. Ndivyo ilivyokuwa. Raila, aliyeongoza mwanzoni, akajikuta nyuma kwa 22 dhidi ya 26 raundi ya sita, na raundi ya saba Youssouf akapigiwa peke yake akafikisha 33 kamili. Sisi tulikuwa tumeshaeleza utaratibu huo hewani kabla ya siku ya kura, kwa hiyo matokeo yalipotoka hatukuwa na haja ya kutafuta mchawi. Vituo vikubwa vilishinda siku nzima vikiuliza nani amemsaliti Baba.

Mengine nitayapitia haraka. Kuna ENACT, mradi wa uhalifu wa kuvuka mipaka ambao ISS wanauendesha pamoja na INTERPOL na shirika la Global Initiative, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Ndio waliotoa faharasa ya uhalifu uliopangwa Afrika kuanzia 2019, kila nchi ikipewa alama hadi 10. Inafaa kwa mada za dawa za kulevya, pembe, magendo ya binadamu. Ila alama ni alama, usizisome hewani kana kwamba mtu alizipima kwa mizani. Na kuna African Futures, tovuti ya makadirio ya nchi moja moja mpaka 2043, kwa kutumia mfumo wa kompyuta wa International Futures wa Chuo Kikuu cha Denver. Ukurasa wa Tanzania una michoro mizuri ya kilimo, elimu, idadi ya watu na viwanda. Niliutumia mara moja. Msikilizaji akauliza kama hiyo kompyuta inajua bei ya mbolea ya msimu huu, na nikahamia kwenye matangazo ya biashara.

Mtu akikuletea uchambuzi bure, uliza anakula wapi. Chini ya machapisho yao wanawataja wanaowashika mkono: Hanns Seidel Foundation ya Ujerumani, Umoja wa Ulaya, Open Society Foundations, na serikali za Denmark, Ireland, Uholanzi, Norway na Sweden. Katika orodha hiyo hakuna serikali hata moja ya ukanda wetu. Sisemi kwamba aliyelipa ndiye aliyeandika. Nimesoma makala zao zinazoibana Ulaya juu ya uhamiaji bila kumung'unya maneno. Lakini uchaguzi wa mada ni jambo lingine. Ugaidi, uhamiaji, usafirishaji haramu, hivyo vinapata kurasa, na si bahati mbaya kwamba ndivyo vinavyoinyima Ulaya usingizi. Ziwa Chad lina mradi wake maalumu, watafiti wake, mfululizo wa ripoti. Ziwa Tanganyika linachungulia kwenye kurasa zao vita vinapolikaribia, kisha linazama tena.

Nawapa heshima kwa walikotoka, na kwa Mtanzania hadithi hii ina uzito. Wazo la taasisi lilizaliwa Lusaka, Mei 1990, katika mkutano ulioandaliwa na IDASA, taasisi ya Afrika Kusini iliyotafuta demokrasia, kati ya Umkhonto we Sizwe, jeshi la chama cha ANC, na kundi la watu waliotoka ndani ya Afrika Kusini, wakiwemo wanajeshi na waliowahi kuwa wanajeshi. Jakkie Cilliers, aliyekuwa ofisa katika jeshi la makaburu akaacha kazi, alikuwemo. Mwaka uliofuata ikaanzishwa Institute for Defence Policy, na mwaka 1996 ikachukua jina la sasa. Nchi iliyowahi kuwapa wapiganaji wa ANC kambi Kongwa na shule Mazimbu inaweza kuusoma ukoo huo kwa hisia mchanganyiko: taasisi ilianza kwa watu waliokuwa wakilengana bunduki kukaa meza moja kujadili jeshi la nchi mpya liweje. Leo mkurugenzi mtendaji ni Fonteh Akum, na majina ya watafiti yanatoka kila kona ya bara. Lakini ile tabia ya kuanzia kwenye jeshi, polisi na mikataba imebaki mwilini. Mwanamke anayevusha chumvi ya Uvinza kwenda Burundi huonekana kwao kama sehemu ya "biashara ya mipakani isiyo rasmi", halafu aya inaendelea na mambo ya forodha.

Lugha yao. PSC Report hutoka kwa Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya SADC mwaka 2019 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika Februari 2022, kwa hiyo taasisi inayoufuatilia umoja huo kwa karibu hivyo ilitakiwa iwe imeshaliona pengo. Hawahitaji kuchapa kila kitu. Ukurasa mmoja kwa mwezi, wa nani yuko kwenye kiti na nini kiko mezani, ungesomwa kuanzia Lubumbashi mpaka Lamu. Mpaka hapo tafsiri ni juu yetu, na anayeumia ni msikilizaji wa redio ambayo haina mtu wa kuifanya kazi hiyo.

Vifupisho navyo vinachosha. Katika aya moja ya ripoti kuhusu Somalia unaweza kukutana na AMISOM, ATMIS na AUSSOM, ambazo ni misheni zilizofuatana palepale: ya pili iliipokea ya kwanza Aprili 2022, ya tatu ikaipokea ya pili Januari 2025. Halafu unaongezewa azimio namba 2719 la Baraza la Usalama la UN, la Desemba 2023, linaloruhusu michango ya UN kulipia hadi asilimia 75 ya bajeti ya misheni za AU. Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya ugomvi wa fedha za Somalia. Lakini lazima uwe na daftari pembeni. Mimi ninalo, limejaa herufi kubwa tupu, na mwanangu aliliona akadhani ni namba za magari.

Kuna wapinzani wao ambao hupaswi kuwapuuza. Amani Africa, wenye makao palepale Addis, hutoa dokezo kabla ya vikao vya Baraza na ratiba ya mwezi mzima. Kwa kujua kesho kuna kikao gani, wanawashinda ISS. Kwa kueleza kwa nini kikao kilikwenda kilivyokwenda, naona ISS bado wako mbele. International Crisis Group, ya tangu 1995, ina CrisisWatch ya kila mwezi, ambayo kwa mtangazaji mwenye dakika kumi inatosha kabisa: nchi, nini kimebadilika, basi.

Na ukitaka kuielewa Kivu yenyewe, huko Goma na Bukavu, weka ISS pembeni uwatafute Rift Valley Institute. Ripoti zao za mradi wa Usalama, za mwaka 2012 na 2013, ni za zamani kwa tarehe, lakini nimezirudia kuliko kitu chochote nilichokitaja hapa. Ipo ya kutoka waasi wa CNDP hadi M23, ipo ya wapiganaji wa Raia Mutomboki, ipo ya jamii ya Banyamulenge, ipo ya wapiganaji wa Mai-Mai Yakutumba wa Fizi. Fizi hiyo ndiyo nyumbani kwa Wabembe wengi tulionao Kigoma na Nyarugusu. Nilipoisoma nikakuta vijiji ambavyo wasikilizaji wangu huvitaja wanaposalimia ndugu hewani, na migogoro ya mashamba na machifu iliyokuwepo kabla ya bunduki. ISS hawaandiki hivyo. Wao wanaiangalia Kivu kutoka kwenye meza ya mkutano. Kuna siku meza ndiyo habari, na siku hizo si chache, lakini mtangazaji anayewategemea wao tu ataishia kuripoti taarifa za pamoja mpaka astaafu.

Kwa hiyo nani achukue nini? Mtangazaji au mwandishi wa mikoani: jiandikishe kupokea barua pepe za ISS Today, soma PSC Report kila mwezi hata kama unaruka kurasa, na ukipata mada ya mpakani uichanganye na watu wako wa soko na bandari. Mwanafunzi wa chuo cha diplomasia pale Kurasini, ambacho sasa kinabeba jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, Katibu Mkuu wa OAU, umoja uliotangulia AU, kuanzia 1989 hadi 2001: anza na matoleo ya nyuma ya PSC Report, uyasome kwa mfululizo wa suala moja, chukua Burundi ya 2015 na 2016. Desemba 2015 Baraza liliidhinisha kupeleka askari 5,000 bila ridhaa ya Bujumbura, na mwezi uliofuata wakuu wa nchi wakarudi nyuma. Mwalimu wako hatakupa somo zuri zaidi kuhusu tofauti ya Baraza na wenye Baraza. Diwani au mbunge wa mkoa wa mpakani: ISS Today zinazohusu jirani zako zitakutosha, na tafadhali usizisome bungeni kwa Kiingereza.

Mfanyabiashara wa kuvusha mzigo hapati kitu hapa, asipoteze bando.

Mihadhara yao ya mtandaoni nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayotofautiana zaidi. Iliyoandaliwa na ofisi ya Addis huwa na watu waliotoka vikaoni juzi, na kipindi cha maswali huwa kitamu kuliko hotuba. Ya Pretoria mara nyingi ni ya mambo ya ndani ya Afrika Kusini, polisi na magereza, mazuri kwa anayeyafuatilia. Unajisajili bure, unaingia kwa Zoom, na swali ukiliandika mapema huwa linasomwa. Angalia saa tu: Addis na sisi saa zetu ni zilezile, lakini tangazo likiwa la Pretoria ongeza saa moja, la sivyo utaingia saa nzima kabla hawajaanza.